Matundu Manne Juu ya Kioo

Hita ya maji ilikuwa bado kwenye sakafu ya saluni, imelala ubavu pale pale ilipoangukia siku sita nyuma, kwa sababu kampuni ya bima ilikuwa imeagiza isiguswe. Mkaguzi aliiruka, akaenda moja kwa moja ukutani. Kiti alichosogezewa hakukikalia. Ofisini walimpa jina la Kwanini, nyuma ya mgongo wake, wakidhani halijui, na ukweli ni kwamba alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Alikuwa na mpaka saa kumi alasiri. Hospitali ilitaka barua ya dhamana ya kampuni ifike saa kumi, la sivyo nafasi ya Msusi kwenye chumba cha upasuaji ingepewa mgonjwa mwingine, na nafasi nyingine ilikuwa mpaka baada ya wiki tatu. Daktari alishasema wiki tatu ni nyingi. Kano za vidole zilizokatika zikikaa muda wote huo hukakamaa, na msusi asiyeweza kukunja vidole vya mkono wa kulia atafute kazi nyingine. Hita ya lita hamsini ilikuwa imemwangukia mkono huo ukiwa juu ya meza, mbele ya kioo chake mwenyewe.

Kwa karatasi, jambo lilikuwa jepesi. Aliyeifunga hita ni Spana, fundi bomba wa kujitegemea na mdogo wake Msusi, tumbo moja. Spana alikuwa na bima ya dhima, ile inayolipa kazi ya fundi inapomdhuru mtu. Na Spana alikuwa amekiri. Maelezo yake yalikuwa mistari miwili: niliifunga mimi hita hiyo miezi minane iliyopita, niliifunga vibaya, kosa ni langu peke yangu.

Hapo ndipo Mkaguzi alipokosa usingizi. Katika miaka kumi na moja ya kazi hii alishasikia mafundi wakiilaumu mvua, saruji, mteja, panya, na mmoja aliyemlaumu marehemu mama mkwe wake. Alikuwa hajawahi kumpata aliyekiri kabla hajaulizwa. Tena bima yenyewe ilikuwa imehuishwa siku kumi na tisa kabla ya ajali. Meneja wa madai alishatoa hukumu yake kwenye simu: ndugu wawili wamekaa wakapanga. Lakini Mkaguzi alikuwa ameiona picha ya eksirei. Mtu anaweza kuchoma duka lake ili alipwe. Kuuponda mkono anaolia chakula, hilo hakuliamini.

Kulikuwa na namna, na namna hiyo ilikuwa ukutani.

Juu ya kioo palikuwa na matundu manne. Matatu yalikuwa yamechanika, plasta imemeguka na kuanguka. Alipanda kwenye kiti alichokataa kukikalia, akaingiza ncha ya penseli katika kila tundu. Moja lilikuwa limeingia kwenye tofali. Matatu yalikuwa yametobolewa kwenye maungio, pale tofali na tofali zinapokutana, mahali ambapo saruji ya mjenzi mvivu hugeuka unga ukiikwaruza kwa ukucha. Fisha zenyewe, vile vijipande vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani, alikuwa nazo mkobani tangu siku ya ajali. Aliziokota mwenyewe sakafuni, akazifunga kwenye bahasha na kuibandika lakiri kabla mtu mwingine hajaziona. Zilikuwa namba sita, za kutundikia picha ya harusi.

"Rangi hii ilipakwa lini?" aliuliza bila kugeuka.

Fundi cherehani wa chumba cha jirani, aliyeachiwa ufunguo, alikuwa mlangoni akisubiri kuulizwa chochote. Alisema ni miezi minne. Alikumbuka vizuri kwa sababu alishona wiki nzima na harufu ile, na bibi harusi mmoja akalalamika gauni lake linanuka kama mlango. Mkaguzi alimshukuru, akapitisha kiganja ukutani, pale mgongo wa hita ulipokuwa umeegemea. Rangi ya kijani ilipita safi, bila mpaka wowote. Kama hita ilikuwa pale kwa miezi minane, mpakaji alipakaje nyuma yake?

Akashuka. Ukuta wa kushoto ulikuwa na picha kubwa ya mitindo ya nywele, imebandikwa juu kidogo ya mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia. Alibandua pembe mbili za chini, akainua. Chini ya karatasi palikuwa na mraba wa rangi ya njano, rangi ya zamani, na ndani ya mraba matundu manne mengine. Fisha zilikuwa bado ndani. Alitoa koleo mkobani, akaikamata moja na kuivuta mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Haikutikisika. Namba kumi, katikati ya tofali, zote nne.

"Na hii mashine ililetwa lini?"

Fundi cherehani alitabasamu. Ile ilikuwa zawadi, miezi mitatu iliyopita. Mume wa Msusi alimletea mkewe siku aliyotimiza miaka kumi ya ususi, imefungwa utepe, majirani wote wakaitwa kuiona. Tatizo likawa moja tu, kwamba kofia ya mashine ilikuwa ikigonga hita.

"Nani aliihamisha hita?"

"Sasa hapo, dada, mimi nina cherehani mbili na masikio mawili, na vyote vina kazi," alisema. Alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo kukataa kusema, na Mkaguzi alimheshimu kwa hilo, ingawa hakuwa na muda wa kumheshimu mtu yeyote.

Msusi mwenyewe, Mkaguzi alikuwa amemhoji jana yake hospitalini. Alimuuliza hita ilifungwa lini na nani aliifunga pale juu ya kioo. Msusi, mwanamke mpana mwenye macho ya kuchoka, aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, akasema: muulize aliyeifunga. Mkaguzi aliandika hivyo hivyo. Jana ilionekana jibu la mgonjwa. Leo lilianza kumwasha.

Saa tano alikuwa kwenye nyumba inayomaliziwa kujengwa, jikoni, ambako Spana alikuwa akifunga sinki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane hivi, mwembamba, mwenye spana ndogo mfukoni hata wakati kazi haiihitaji. Nyuma yake alisimama mwenye nyumba, mama wa sauti kubwa aliyetaka maji yatoke leo kwa sababu wageni wanakuja leo, na alilisema hilo kila baada ya dakika mbili kama kengele ya shule.

Mkaguzi alimweleza Spana habari ya rangi ya kijani na mraba wa njano. Spana hakupepesa. Akasema basi alisahau, ni kweli alikwenda kuihamisha, miezi mitatu iliyopita. Mkaguzi akamuuliza kama ana picha. Mafundi wa siku hizi hupiga picha kila kazi, wapate cha kumwonyesha mteja mwingine. Alizo nazo Spana zilikuwa mamia, na alizionyesha kwa fahari asiyoweza kuificha: bomba, koki, tangi, na hita ya dada yake ikiwa kwenye ukuta wa kushoto, imenyooka, yeye mwenyewe kando yake anacheka. Ya juu ya kioo haikuwepo. Akasema siku hiyo simu haikuwa na chaji.

"Ulitumia fisha namba ngapi?"

"Sita. Ndiyo maana nakwambia nilikosea."

Mkaguzi aliandika sita, akaizungushia duara. Kisha akamwomba jambo dogo. Sinki lilihitaji chuma cha kulishikilia ukutani, na chuma kilikuwa bado chini. Akamwambia atoboe sasa, mbele yake, vile vile alivyotoboa siku ile.

Spana alichukua drili. Mwenye nyumba akapiga kelele kwamba saa zinakwenda. Spana akainua mkono wa kushoto, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasogea upana wa vidole viwili. Akagonga tena. Akasogea kidogo zaidi, akagonga mara ya tatu, akaweka alama kwa penseli, akaweka pimamaji juu ya alama, na hapo tu ndipo drili ikaguna. Vumbi lililotoka lilikuwa jekundu, vumbi la tofali. Akapuliza tundu, akaingiza fisha namba kumi.

"Kwa nini umegonga?" Mkaguzi aliuliza.

Fundi aliutazama mkono wake. "Kutafuta tofali. Ukitoboa kwenye maungio haishiki."

"Juu ya kioo matundu matatu yako kwenye maungio."

"Siku ile nilikuwa na haraka, mama."

"Ulikuwa na haraka gani kuliko hii? Huyu mama anakupigia kelele tangu nimeingia, na bado umegonga mara tatu." Alifunga daftari. "Matundu yale hukuyatoboa wewe. Mkono wako haujui kutoboa vile hata ukiuomba."

Mtu mwingine angeshukuru kuambiwa kwamba hana kosa, lakini Spana alikaa juu ya ndoo ya plasta kama aliyefiwa. Akasema Mkaguzi aandike ilivyo kwenye maelezo, basi, yeye ndiye mwenye bima na yeye ndiye anayekiri, kuna shida gani. Mkaguzi alimwambia shida iliyopo. Akipeleka maelezo yale anayojua ni ya uongo, kampuni itaandika udanganyifu, dai litakufa hapo hapo, na mkono wa dada yake utakufa nalo. Akimwondoa yeye kwenye kosa, bima yake haihusiki tena, na mkono ni ule ule.

"Ulikuwa unamficha nani?"

Mkaguzi hakusubiri jibu.

Njiani, juu ya pikipiki, alilipanga jambo upya. Aliyetoboa alikuwa mtu asiyejua ukuta, aliyetaka hita itoke juu ya mashine, na ambaye Spana angekubali kuharibu jina lake kwa ajili yake. Huyo hakuhitaji kutafutwa mbali. Kilichomsumbua kilikuwa ile sita ndani ya duara. Bahasha ya fisha ilikuwa na lakiri yake mpaka sasa. Ripoti haikutaja namba. Spana hakutoboa, lakini namba aliijua. Ama aliambiwa baadaye, ama yeye ndiye aliyesema kabla.

Mume wa Msusi alikuwa na kibanda cha fotokopi karibu na lango la hospitali, na siku hizo alishinda nusu kibandani, nusu wodini. Mkaguzi alimkuta akitoa nakala za vyeti vya mteja, akizipanga upya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Alikuwa mnene, mpole, amevaa shati ambalo kila kifungo kilikuwa kimeingia tundu lisilo lake. Mkaguzi alisubiri mteja aondoke. Hakumshutumu. Alimuuliza tu alitumia drili ya nani.

Mwanamume yule alizima mashine ya fotokopi. Akasema ya shemeji yake, ilikuwa imebaki saluni. Akasema yote bila kusukumwa: mashine ya kofia aliinunua yeye, hita ilikuwa ikizuia, mkewe alimwomba mdogo wake mara tatu aje kuihamisha, na mara zote tatu jibu likawa kesho. Mganga hajigangi, na fundi hana muda wa nyumba ya dada yake. Kazi ya ndugu haina tarehe. Mwishowe, Jumapili moja, akaamua kuifanya mwenyewe ili mkewe afurahi. Siku ya ajali Spana alimkuta kwenye benchi la hospitali, akamshika bega na kumwambia: shemeji, nyamaza, wewe huna bima, mimi ninayo.

"Na fisha namba sita ulizitoa wapi?"

Akatazama nje, kisha akatoa simu.

"Nilimuuliza kwanza," alisema. "Mimi si mjinga, dada. Nilimuuliza. Aliniambia niufute ujumbe huu. Sikuufuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka hata siku moja nisikie kwamba si mimi peke yangu."

Akaubonyeza. Sauti ya Spana ilitoka juu ya kelele za drili na za watu: "Shemeji, mwambie dada leo siwezi, niko kwenye kazi ya watu. Toboa popote hapo juu ya kioo, ukuta huo mzima wote. Kwenye droo kuna fisha namba sita, zitashika. Na mwambie aache kunisumbua na vijikazi vyake."

Mkaguzi aliusikiliza mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshafungua hati ya bima ukurasa wa nne, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka kikasimama. Kampuni italipa madhara yatokanayo na kazi ambayo mwenye bima ameifanya, ameisimamia, au ameitolea maelekezo kama fundi. Neno lilikuwa pale, limechapwa kwa herufi ndogo zinazochapwa ili zisisomwe. Ameitolea maelekezo.

Alimpigia Meneja akiwa amesimama katikati ya kibanda. Meneja alibisha, kisha akauliza maswali mawili ya maana. Akasema inawezekana. Lakini maelezo ya uongo yafutwe na mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hayajaingia kwenye jalada. Maelezo mapya yaandikwe, na mdai ayasome na kuyatia saini, kwa sababu sasa dai limebadilika. Yote kabla ya saa kumi. Ikipita hapo, anaandika udanganyifu. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Spana alikuwa bado kwenye ile nyumba, maji yameshatoka, mwenye nyumba ameingia kuoga. Mkaguzi aliweka juu ya sinki jipya simu yake, iliyokuwa na ujumbe aliotumiwa na mume wa Msusi, akauacha usikike mpaka mwisho. Kisha akamweleza ukurasa wa nne. Alimweleza pole pole, na kwake kusema pole pole kulikuwa kazi ngumu. Kosa lipo kweli, na ni lake kweli, na bima inalilipa. Anachotakiwa ni kusema ukweli.

Alitarajia kijana arukeruke. Badala yake alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta.

"Dada atausoma?"

"Ndiye mdai. Lazima asome na asaini."

"Basi acha yale ya kwanza."

"Ya kwanza yanaua mkono wake. Nimeshakwambia."

"Mama, hunielewi." Akaichomoa ile spana ndogo mfukoni. "Chuo cha ufundi nimesomeshwa na mkono ule. Wazazi walipoondoka, alisuka vichwa vya watu asubuhi mpaka jioni, mimi nikalipiwa. Drili ya kwanza alininunulia yeye. Waseme mimi ni fundi mbovu, waseme mji mzima, nitavumilia. Lakini asijue kwamba aliniomba kitu kimoja na mimi nikamwona msumbufu."

Kwa hiyo hakuwa akimficha shemeji yake. Shemeji alikuwa kisingizio kizuri, cha kiungwana hata, na pengine mwenyewe Spana alikiamini kwa siku mbili tatu. Alichokificha kilikuwa sekunde kumi za sauti yake mwenyewe. Mkaguzi alimhurumia, na huruma hiyo ilimuudhi, kwa kuwa saa yake ilisema saa tisa kasoro dakika kumi.

"Umechagua uongo unaokupendeza," alimwambia. "Ule wa kukufanya shujaa. Ukweli unakufanya ndugu mdogo aliyejisahau, na huo ndio unaolipa. Mimi siwezi kukuandikia. Karatasi hii hapa. Nasubiri mpaka saa tisa na robo, kisha naondoka, na nikiondoka peke yangu unajua naenda kuandika nini."

Akatoka nje, akatembea kutoka kona ya nyumba mpaka lango, na kurudi, mara kumi na nane. Alizihesabu. Mara ya kumi na tisa alimkuta Spana amesimama mlangoni na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya zamani, imekatwa mstari wa pembe kwa pembe na kutiwa saini. Nyingine ilijaa upande mzima, na ujumbe ulikuwa umenukuliwa wote, pamoja na neno vijikazi, ambalo kisheria halikuhitajika kabisa.

Walifika wodini saa kumi kasoro dakika ishirini. Msusi alikuwa ameketi, mto mgongoni, mumewe pembeni ya kitanda. Juu ya kabati dogo palikuwa na machungwa mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Mkaguzi alieleza kwa maneno machache karatasi ni ya nini. Msusi akaipokea kwa mkono wa kushoto. Spana alisimama miguuni pa kitanda, ameshika spana yake ndogo kwa mikono miwili.

Msusi alisoma taratibu. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena sehemu moja, kisha akaiweka karatasi mapajani.

"Nilikuwepo," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Mumewe peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Huyu mume wangu aliweka simu kwenye spika, mikono yake ilikuwa na vumbi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ngazi. Nilisikia kila neno." Alimtazama mdogo wake. "Siku sita nakusubiri. Kila siku unakuja, unakaa hapo, unaniletea machungwa. Nikasema leo atasema. Unamenya chungwa, unaondoka."

Mkaguzi alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa jana. Muulize aliyeifunga. Msusi hakuwa amedanganya popote, alikuwa amekataa kujibu tu. Dai lilikuwa bado hai, na ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tatu.

"Dada," Spana alisema. Alijaribu tena. "Dada, nilikukosea. Si kwenye ukuta. Nilikukosea wewe."

"Ndiyo," alisema Msusi.

Basi. Hakumwambia haidhuru, wala hakumwambia yameisha. Akaomba kalamu. Alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikapanda na kushuka, na ilimchukua muda mrefu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumshikia karatasi. Mkaguzi alizipiga picha kurasa zote, akazituma. Kisha akafanya kitu ambacho walio ofisini kwake wasingeamini: akakaa, juu ya kiti cha mbao cha wageni, simu kiganjani, macho kwenye kioo chake kidogo.

Saa kumi kasoro dakika nne simu ilitetema. Meneja aliandika maneno matatu: barua imetumwa hospitali. Mkaguzi aliwasomea. Mume wa Msusi alifunika uso kwa mikono, akatoka nje ya pazia.

Alirudi nyuma ya muuguzi aliyeingia akiwa na ubao wa fomu. Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi, akasema muuguzi, na ridhaa inahitaji saini ya ndugu mmoja. Ndugu ni nani hapa? Mume alikuwa karibu, akanyoosha mkono kama ilivyo haki yake. Msusi akatikisa kichwa.

"Mpe mdogo wangu," alisema.

Fomu ilikuwa na kurasa tatu. Spana alizisoma zote, muuguzi amesimama, na hakuna aliyemharakisha.